Macho Hayana Pazia: Watu wa Maonyesho ya Berlin (1896) na Kazi ya Mhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, tunapofika kwenye historia ya nathari, wengi tunapita njia moja. Tunaanza na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934), tunaruka kwa Shaaban Robert, kisha haraka haraka tunaingia miaka ya sabini kwa akina Kezilahabi na Shafi Adam Shafi. Kabla ya Mbotela tunaambiwa kulikuwa na ushairi na ngano. Nathari ama haikuwapo, ama kama ilikuwapo ni "maandishi ya wakoloni" tu. Basi, mtihani umekwisha.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba njia hiyo ni fupi mno. Kati ya miaka ya 1890 na 1905 yaliandikwa maandishi kadhaa ya nathari ya Kiswahili huko Ujerumani, kwa mikono ya Waswahili wenyewe. Maandishi hayo hayaeleweki vizuri mpaka yasomwe pamoja na jambo jingine lililotendeka katika mji huo huo wa Berlin, miaka hiyo hiyo: watu wa pwani na bara yetu kuwekwa katika uwanja wa maonyesho ili watazamwe kwa tiketi. Huku Mswahili anaandika, kule Mswahili anatazamwa. Suala letu ni moja: mhakiki asomeje maandishi ya huyu, akijua habari za yule?

Maonyesho yalikuwa kitu gani?

Ndugu msomaji, ukisikia neno "maonyesho" usifikirie Sabasaba, pahala unapokwenda kutazama trekta, mahindi bora na vitambaa vya kiwanda, ukanywa soda ukarudi nyumbani. Maonyesho makubwa ya dunia yaliyoanza London mwaka 1851 yalikusudiwa kuonyesha mashine na bidhaa. Lakini kadiri ubeberu ulivyokua, mabepari waligundua kwamba watu hawaji kwa wingi kutazama mashine peke yake. Wanakuja kutazama watu. Basi kuanzia robo ya mwisho ya karne ya 19 ikawa desturi: kila nchi yenye makoloni inajenga "kijiji" ndani ya uwanja, inaleta watu kutoka koloni, inawaambia wapike, wacheze ngoma, wasuke, wafue chuma, mradi waishi mbele ya macho ya wageni kutoka asubuhi hadi jioni.

Mfano unaotajwa sana ni ule wa St. Louis, Marekani, mwaka 1904. Marekani ilikuwa imeitwaa Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898, ikapigana na Wafilipino wenyewe waliotaka uhuru wao, na baada ya hapo ikaleta Wafilipino zaidi ya 1,000 kukaa katika eneo la ekari 47 ndani ya maonyesho. Walipangwa kama ngazi. Chini waliwekwa wale walioitwa washenzi, juu wakawekwa askari waliovaa sare na kupiga bendi ya Kizungu, ili mtazamaji aone kwa macho yake kwamba Mmarekani "anawastaarabisha". Waigoroti, watu wa milimani, walijulikana kwa kula nyama ya mbwa katika shughuli maalumu za kimila. Pale uwanjani jambo hilo lilifanywa kivutio cha kila mara. Mila iliyokuwa na siku yake ikageuzwa mchezo wa kuuzia tiketi.

Katika maonyesho hayo hayo aliletwa pia Ota Benga kutoka Kongo. Miaka miwili baadaye, 1906, aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, kwenye nyumba ya nyani. Wachungaji Weusi wa mji ule walipiga kelele mpaka akatolewa. Mwaka 1916, akiwa Virginia, alijiua kwa bastola.

Na kabla ya hapo, mwaka 1897, Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta Wakongo 267 kuonyeshwa Brussels na Tervuren. Saba kati yao walifia huko. Majina yao yapo kwenye makaburi karibu na kanisa la Tervuren: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Tumeyaandika yote saba kwa makusudi, na sababu yake itaonekana mbele.

Treptow, 1896

Sasa tuje kwetu. Tarehe 1 Mei 1896 yalifunguliwa maonyesho makubwa ya viwanda katika bustani ya Treptow, Berlin. Yaliendelea hadi tarehe 15 Oktoba. Ndani yake kulikuwa na sehemu iliyoitwa Maonyesho ya Kwanza ya Makoloni ya Ujerumani. Kwa sehemu hiyo waliletwa watu 106, wake kwa waume na watoto, kutoka Togo, Kamerun, Afrika ya Kusini Magharibi, Guinea Mpya, na kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika ya baadaye. Kutoka kwetu waliletwa Waswahili na Wamasai.

Majengo nayo yana hadithi yake. Miongoni mwa vivutio vya uwanja ulijengwa mfano wa Kwikuru, ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike alipigana na Wajerumani hapo Tabora, na ngome yake ilivunjwa mwezi Januari 1893, mwenyewe akafia humo humo. Miaka mitatu baadaye ngome ile ile inajengwa upya Berlin ili familia zipite zikitembea siku ya Jumapili. Kwa lugha ya darasani, hiyo ndiyo kejeli. Lakini kwa mtu wa Unyamwezi aliyepoteza ndugu pale, lazima tutafute neno jingine.

Tusidhani hata hivyo kwamba wote walichukuliwa kwa pingu. Hapo ndipo jambo linapokuwa gumu, na mhakiki asiyependa ugumu atakosea. Watu walisajiliwa, waliahidiwa ujira, na wengine walikwenda na makusudio yao wenyewe. Friedrich Maharero, mtoto wa kiongozi wa Waherero Samuel Maharero, alikwenda pamoja na wenziwe wakiwa na nia ya siasa: wamwone Kaisari na wafanye naye mazungumzo kama wajumbe. Wao walijiona ni wageni wa dola. Waliowaleta waliwaona ni vitu vya kuonyeshwa. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni aliitwa ili mwenyeji astarehe.

Mwanasayansi Felix von Luschan naye alipata nafasi yake. Aliwapima watu hao vichwa, pua na viungo, akataka wapigwe picha kwa namna yake. Wapo waliokataa. Wengine walikubali picha, lakini kwa sharti la kuvaa suti zao, si majani na ngozi. Kwa hiyo leo tunazo picha za watu waliosimama wima ndani ya koti na tai, wanaitazama kamera kama mtu anayedaiwa deni asilokopa. Picha zile zilitakiwa kuthibitisha ushenzi. Aliyepigwa akaziharibu kwa kuvaa tu.

Na kuna Kwelle Ndumbe, Mdwala wa Kamerun, aliyeitwa kwa jina la Kijerumani Bismarck Bell. Yeye alinunua darubini ndogo ya kutazamia michezo ya jukwaani. Watazamaji wanapomtazama, na yeye anawatazama kwa darubini. Jamani, hakuna hotuba ya kupinga ukoloni iliyo fupi kuliko hiyo. Mwaka 2017 Makumbusho ya Treptow yalipofungua maonyesho juu ya habari hizi, yalipewa jina lenye maana ya "kutazama kwa kurudisha", kwa heshima ya kitendo kile.

Mwezi ule ule nyumbani

Tuweke tarehe hizi kando ya zetu. Tarehe 27 Agosti 1896, maonyesho ya Treptow yakiwa bado yamefurika watu, manowari za Waingereza zilipiga mabomu kasri ya Sultani mjini Unguja. Vita vilikwisha katika muda usiofika saa moja. Sayyid Khalid bin Barghash akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, na baadaye akapelekwa Dar es Salaam. Pemba haikuwa koloni la Mjerumani: kwa mapatano ya mwaka 1890 Ujerumani ilikubali Unguja na Pemba ziwe chini ya Mwingereza. Kwa hiyo hatudai kwamba Mpemba yeyote alisimamishwa Treptow. Lakini bahari haijui mapatano. Ng'ambo ya mkondo wa Pemba ndiyo Tanga, na mrima wote ule ulikuwa wa Mjerumani. Watu walewale wa majahazi, lugha ileile.

Na hapa Pemba kulikuwa na nini mwaka huo? Kulikuwa na Kamange na Sarahani. Ali bin Said, aliyejulikana kwa jina la Kamange, aliyefariki 1910, na mwenzake Sarahani bin Matwar, walikuwa wakitungiana mashairi ambayo watu waliyahifadhi kwa moyo na kwa karatasi mpaka yakakusanywa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla. Basi tuwaze: wakati mtazamaji wa Berlin anaambiwa kwamba watu wa Afrika Mashariki hawana maandishi wala fikra za juu, Pemba wanashindana washairi kwa vina na mizani na mafumbo yanayotutoa jasho hata leo darasani. Uongo wa maonyesho haukuwa katika kutia chumvi. Ulikuwa katika kuchagua. Unaleta chungu, unaacha shairi.

Walimu wa jirani

Sasa tugeukie wale walioandika. Mwaka 1887 kilifunguliwa Berlin chuo cha lugha za mashariki, kwa ajili ya kuwafundisha maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokuwa wakienda makoloni. Kiswahili kilihitaji mwalimu Mjerumani wa sarufi na Mswahili wa kutoa matamshi na mifano. Mmoja wa hao ni Amur bin Nasur wa Unguja, aliyefundisha kuanzia 1891 hadi 1895. Habari zake mwenyewe na za mambo aliyoyaona Ulaya zimo katika mkusanyiko alioutoa C. G. Büttner mwaka 1894. Baadaye Carl Velten alitoa Safari za Wasuaheli (1901) na Desturi za Wasuaheli (1903). Hicho cha pili, sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo.

Wahakiki wengi wanaviweka vitabu hivi kando kwa hoja kwamba viliandikwa kwa amri ya Mzungu ili vimsaidie Mzungu kututawala. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu. Ni kweli kwamba Büttner na Velten ndio waliouliza, waliochagua, waliokata na waliotia majina yao juu ya jalada. Ni kweli pia kwamba darasani mwalimu Mswahili alikuwa kama sampuli: mdomo wa kusikilizwa. Tukisema wazi, tofauti kati ya Treptow na chuo ilikuwa ni paa. Kule mtu anatazamwa uwanjani, huku anasikilizwa ndani.

Lakini nusu ya pili ni kwamba sampuli ile ilishika kalamu. Na mtu akishika kalamu hawezi kuandika kile tu alichoagizwa. Ataacha hili, atarefusha lile, atachagua neno. Kazi ya mhakiki ni kutafuta mahali pale ambapo agizo linaisha na mwandishi anaanza.

Tuchukue mfano wa Selim bin Abakari, Mngazija aliyekuwa mtumishi wa Theodor Bumiller. Mwaka 1896, mwaka ule ule wa Treptow, alisafiri na bwana wake hadi Urusi na Siberia, na simulizi yake imo katika kitabu cha 1901. Huko alikopita watu hawakuwa wamezoea kumwona mtu mweusi, na anasimulia wanavyomshangaa. Mpaka hapo ni Treptow nyingine: mweusi mmoja, macho mengi. Lakini tazama anavyofanya na nathari yake. Haishii kwenye kushangawa. Anageuka yeye kuwa mtazamaji. Anaeleza mahema ya watu wa nyikani, vyakula vyao, vinywaji vyao, mavazi yao, kama vile wasafiri wa Kizungu walivyozoea kutueleza sisi. Kipimo chake ni cha pwani: lililo la ustaarabu ni lile linalofanana na la kwao. Je, ni haki? Pengine si haki. Msafiri wetu naye ana dharau zake, na hatuna sababu ya kumvisha kanzu nyeupe kuliko anayostahili. Ila kifani jambo limekwisha kutendeka: darubini imegeuzwa. Alichokifanya Kwelle Ndumbe kwa mkono, Selim amekifanya kwa sentensi.

Kwa hiyo tunaposema maandishi haya ni "ya wakoloni" tunamkosea Selim mara ya pili. Mara ya kwanza jina lake liliwekwa ndani ya kitabu cha mtu mwingine. Mara ya pili sisi wenyewe tunamnyima hata hiyo nafasi ya ndani.

Kutoka darasani hadi jukwaani

Msomaji anaweza kutuuliza: mbona mnalinganisha mwalimu na mtu wa maonyesho? Mwalimu alikuwa na mshahara, bwana, na chumba chake. Jibu tunalipata katika maisha ya watu wawili.

Wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari mwenyewe. Alifika Berlin mwaka 1900. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya chuo baada ya mzozo juu ya heshima anayostahili mwalimu mweusi mbele ya wanafunzi weupe. Alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe, serikali ya koloni ilikataa wasiishi huko kama mume na mke. Wakarudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Yule aliyewaeleza Wajerumani desturi zetu za ndoa, kuanzia posa hadi fungate, ndoa yake mwenyewe ilikosa bandari ya kushukia.

Wa pili ni Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Kijerumani, na yeye mwenyewe akiwa bado mtoto alitumika katika jeshi hilo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ya jeshi ambayo yeye na babake hawakulipwa. Hakupewa. Akafanya kazi ya uhudumu katika jumba la starehe, akacheza sehemu ndogondogo katika filamu nyingi, na akawa mwalimu msaidizi wa Kiswahili pale pale chuoni. Wakati wa utawala wa Hitler akashiriki pia katika maonyesho ya kuzunguka mijini yaliyoitwa Maonyesho ya Afrika ya Kijerumani. Mwaka 1941 alikamatwa, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, na huko alifariki tarehe 24 Novemba 1944.

Tunaona basi: mtu mmoja, darasani na jukwaani. Mwalimu na kivutio. Mlango kati ya nyumba hizo mbili ulikuwa wazi siku zote, na aliyekuwa na ufunguo si yeye.

Ukimya nao ni matini

Sasa tufike kwenye ugumu wa makala hii. Selim kaandika. Amur kaandika. Mtoro kaandika. Wale Waswahili na Wamasai wa Treptow, kitabu chao cha Kiswahili kiko wapi? Tulichonacho ni picha, vipimo vya vichwa, na taarifa rasmi iliyotolewa na wenye maonyesho mwaka 1897. Kwa maneno mengine, tunayo kila kitu isipokuwa sauti.

Habari hizi tulipozisimulia barazani Makangale, kaskazini ya Pemba, hakuna aliyeuliza juu ya Kaisari wala juu ya darubini. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, hao waliorudi, walirudi na hadithi gani?" Swali lile lina thamani kuliko nadharia tatu. Mtu wa pwani hasafiri akarudi kimya. Akirudi Mombasa tu ana la kusema wiki nzima. Iweje mtu aende Berlin, akae miezi mitano akitazamwa, kisha arudi asiseme neno? Bila shaka alisema. Alisema barazani, alisema jikoni, alisema baharini. Kilichokosekana si simulizi. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba simulizi ile inafaa kuandikwa.

Kwa hiyo matini ya Treptow iliyopotea ni matini ya fasihi simulizi, na hiyo ni taaluma yetu sisi. Mwanahistoria atakwenda Berlin kwenye makabati ya nyaraka. Sisi tuna kazi ya Bagamoyo, Tanga, Pangani na Umasaini: kuuliza kama kuna nyimbo, majina ya utani, misemo au hadithi za babu aliyekwenda Ulaya "akakaa uwanjani". Huenda tusipate kitu. Lakini kutopata baada ya kutafuta si sawa na kutotafuta.

Kwa nini Makangale?

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kale, tuyaache. Tunakataa. Tutazame Makangale hiyo hiyo. Kijiji kimekaa kati ya msitu wa Ngezi na bahari, na pwani ya Vumawimbi iko karibu. Wageni wanakuja kutazama msitu, popo na mchanga mweupe. Hilo si kosa, na riziki inapatikana. Lakini kamera haibaki kwenye miti. Inageukia mwanamke anayefunga mwani majini, mtoto anayetoka chuoni na msahafu wake, mvuvi anayeparaza mtumbwi. Picha inapigwa, gari linaondoka. Jina halikuulizwa. Macho hayana pazia, sawa, kutazama hakukatazwi. Tofauti inakuja pale mtu anapotazamwa bila kuulizwa jina, kisha akapelekwa mbali, kwenye karatasi, akawa "mwanamke wa Pemba". Hapo amekuwa wa Treptow bila kupanda meli.

Na sisi waandishi na wahakiki tusijitoe. Ni hadithi ngapi za wanafunzi, ni michezo mingapi ya kuigiza, inayomleta "mtu wa shamba" jukwaani ili ukumbi ucheke lafudhi yake? Mpemba wa kuchekesha, Mmasai wa rungu na shuka, Mmakonde wa ngoma. Ukumbi unacheka, mtunzi anapigiwa makofi. Tukiuliza ni nini kilichosemwa juu ya mtu huyo ambacho mwenye maonyesho wa 1896 asingekubali kukisema, jibu mara nyingi ni: hakuna. Kijiji cha kuonyesha kimehamishwa tu kutoka bustanini hadi ukumbini.

Maswali manne kwa mhakiki

Kutokana na hayo, tunapendekeza kwamba kila tunaposoma kazi inayoonyesha watu wa jamii fulani tuiulize maswali manne.

Kwanza, nani kaalika? Yaani kazi imeandikwa kwa haja ya nani: ya wanaosimuliwa, au ya wanaotaka kuwatazama?

Pili, nani ana jina? Mhusika anayeitwa "mzee mmoja" na "wanawake wa kijijini" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho yuko katika hali ya mtu wa Treptow. Ndiyo maana tuliyaandika majina yale saba ya Tervuren. (Mzee wetu wa Makangale hatukumtaja kwa kuwa hatukumwomba ruhusa. Jina la mtu ni lake, kulitoa ni kwake.)

Tatu, je, anayetazamwa naye anatazama? Kazi nzuri humpa mhusika wake darubini. Humpa nafasi ya kumpima msimulizi, kumcheka, hata kumkatalia. Kazi mbovu huwapa wahusika macho ya kulilia tu.

Nne, nani anabaki na maandishi? Baada ya kitabu kuchapwa, je, wale waliosimuliwa wanaweza kukisoma, kwa lugha yao, kwa bei yao?

Maswali haya hayachukui nafasi ya uchambuzi wa fani na maudhui. Ila bila ya hayo, uchambuzi wetu unaweza kuwa hodari wa kupima vichwa tu.

Hitimisho

Habari za Treptow hazijafungwa. Von Luschan aliyewapima wale watu 106 alikusanya pia maelfu ya mafuvu ya binadamu, mengi kutoka makoloni. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitoa matokeo ya utafiti juu ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, na kwa vipimo vya vinasaba baadhi ya jamaa walio hai walipatikana hapa Tanzania, miongoni mwao watu wa Kilimanjaro. Mwaka huo huo, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani aliomba radhi mjini Songea kwa mauaji ya Vita vya Maji Maji. Mifupa imeanza kupata majina na wenyewe.

Basi ikiwa mifupa inaweza kutafutiwa wenyewe, na maneno je? Amur, Selim na Mtoro wapo tayari kwenye maktaba. Wanangojea mwanafunzi wa Kiswahili awasome kama waandishi, kwa ukali ule ule na kwa heshima ile ile tunayompa Shaaban Robert. Tunapendekeza maandishi yao yaingizwe katika kozi ya historia ya nathari, tena mwanzoni, si kwenye tanbihi. Na wale wa uwanjani, wasio na kitabu, tuanze kuwaulizia huku majumbani kabla mtu wa mwisho mwenye fununu hajaondoka nayo.

Wapo walimu na wenzetu watakaosema tumewapa watumishi wa wakoloni heshima isiyo yao. Waandike. Kurasa za jarida hili ni za mjadala, na sisi tuko tayari kujibiwa.